Lazima Tuamini Kimoja Ndipo Tukae Pamoja?

Aliyewahi kupanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, iwe Manzese, Buguruni au Magomeni, anajua kwamba watu wanaweza kuishi ukuta kwa ukuta miaka mingi bila kuamini kitu kimoja. Chumba hiki yumo Mwislamu kutoka Kondoa, kile Mlutheri wa Machame, cha mbele fundi seremala ambaye haonekani msikitini wala kanisani. Wote wanatumia ua mmoja, choo kimoja, bomba moja na mita moja ya LUKU. Wanagombana, tena mara nyingi, juu ya nani ana friji na nani kapiga pasi usiku kucha, kisha wanapatana. Kinachowaunganisha ni zamu ya kufagia, mchango wa umeme na mwenye nyumba.

Upande wa pili kabisa wako watu walioacha mali zao wakahamia mahali pamoja kwa sababu ya imani. Wahutteri ni mfano mzuri: ni Wakristo walioanza Moravia mwaka 1528, wakafukuzwa nchi baada ya nchi, wakafika Marekani katika miaka ya 1870, na hadi leo wanaishi kwa maelfu Kanada na Marekani katika vijiji ambamo hakuna mtu mwenye mshahara wake. Hapo imani ndiyo inayoamua mengine yote, kuanzia mavazi hadi nani atalima shamba gani.

Kati ya pande hizi mbili kuna makazi ya aina nyingine ambayo kwa miaka hamsini hivi yameenea Ulaya ya Kaskazini, kisha Uingereza na Marekani. Familia kumi na tano, ishirini, pengine arobaini, zinapanga na kujenga pamoja kwa hiari yao. Kila familia ina nyumba yake kamili yenye jiko lake, ina mshahara wake na akaunti yake ya benki. Lakini katikati pana nyumba ya pamoja yenye jiko kubwa na ukumbi wa kulia, na wakazi wenyewe ndio wanaopika, wanaofanya usafi, wanaosimamia hesabu na wanaokutana kuamua mambo. Wadenmark, ambako yalianzia, huyaita bofællesskab. Hapa nitayaita makazi ya pamoja.

Kuhusu makazi haya kuna ubishi usiokwisha. Wanaoyapigia debe husema hayana itikadi yoyote. Ni ujirani mwema tu. Wasanifu wawili Wamarekani, Kathryn McCamant na Charles Durrett, walioyatambulisha kwao mwishoni mwa miaka ya 1980, waliweka wazi kabisa kwamba haya si komuni, yaani makazi ambamo watu hugawana mali na mapato, na kwamba hayajengwi juu ya imani ya kidini wala ya kisiasa. Wanaoyatazama kwa mbali huona kinyume chake: watu wenye mawazo yaleyale, wanaosoma magazeti yaleyale, wamejikusanya mahali pamoja. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya jambo. Imani ipo, na bila imani hakuna kikundi kingevumilia miaka ya vikao, mikopo na vibali inayohitajika kabla ya tofali la kwanza. Ila katika makazi yanayodumu, imani hiyo imehamishwa. Imetolewa vichwani mwa watu ikawekwa kwenye ramani ya nyumba, kwenye zamu na kwenye mikataba.

Walichokiamini Wadenmark

Mwaka 1964 msanifu majengo wa Denmark, Jan Gudmand-Høyer, aliwakusanya marafiki zake wazungumzie makazi. Fleti za mjini hazikuwa na nafasi ya watoto kucheza, na nyumba za pembezoni, kila moja na uzio wake, ziliwatenga watu. Wakanunua kiwanja Hareskov, nje kidogo ya Copenhagen, wakachora nyumba 12 kuzunguka nyumba ya pamoja. Majirani wa eneo hilo wakapinga, na mradi ukafa kabla haujaanza.

Mwaka 1967 mwandishi Bodil Graae alichapisha makala gazetini yenye kichwa kinachodai kwamba watoto wanapaswa kuwa na wazazi mia moja. Mwaka uliofuata Gudmand-Høyer naye akaandika, kichwa cha makala yake kikitaja kiungo kilichokosekana kati ya ndoto ya jamii kamilifu na nyumba ya familia moja iliyopitwa na wakati. Wasomaji wengi waliziitikia makala hizo mbili, na kutokana nazo ikazaliwa Sættedammen, nyumba 27 karibu na mji wa Hillerød, ambayo watu walihamia mwaka 1972. Mwaka mmoja baadaye ikafuata Skråplanet yenye nyumba 33.

Vichwa vile viwili ndivyo vinavyobeba imani yote. Cha Graae hakimshangazi msomaji aliyekulia mahali ambapo mkono mmoja haulei mwana, lakini katika Denmark ya wakati ule, ambako nyumba mpya zilikuwa zikijengwa kila moja peke yake, ilikuwa ni kusimama dhidi ya mkondo. Cha Gudmand-Høyer kinahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Ulikuwa mwaka 1968. Vijana wa Ulaya walikuwa wanaanzisha komuni za kugawana kila kitu, na miaka mitatu baadaye kambi ya zamani ya jeshi mjini Copenhagen ingevamiwa na kuitwa Christiania. Yeye alisimama katikati kwa makusudi. Hakutaka watu wagawane mishahara, wala hakuwataka wakubaliane kuhusu ndoa, dini au mapinduzi. Aliwataka wakubaliane mambo machache tu: kwamba watoto watembee huru bila kuogopa magari, kwamba kazi za nyumbani zisimwangukie mama peke yake, na kwamba watu wakutane kila siku bila kupeana miadi.

Mambo hayo yaligeuzwa kuwa mistari ya ramani. Magari yanaachwa pembeni, na kutoka hapo kila mtu anatembea kwa miguu akipita mbele ya milango ya wenzake. Dirisha la jikoni linatazama njia, si ukuta wa nyuma, hivyo anayekata vitunguu anawaona watoto wa wote. Nyumba za familia zilipunguzwa ukubwa, na fedha iliyookolewa ikaenda kwenye nyumba ya pamoja. Mtu akihamia leo, hata kama hajawahi kusikia jina la Graae, atajikuta anaishi kwa imani yake kila anaporudi kutoka kazini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Trudeslund, nyumba 33 zilizomalizika mwaka 1981 huko Birkerød. Jioni chakula kinapikwa kwenye nyumba ya pamoja, na kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, anashika zamu ya jikoni takriban mara moja kwa mwezi. Hebu fikiria hesabu hiyo upande wa pili: siku nyingine zote unakuja unakuta sahani iko mezani. Usawa wa kijinsia, ambao kwingine ungekuwa mada ya semina, hapa ni jina lako kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Katika nyumba hiyohiyo palikuwa na duka dogo la mahitaji ya nyumbani lisilo na muuzaji. Kila familia ina ufunguo. Ukiishiwa sukari saa nne usiku unakwenda, unachukua, unaandika kwenye daftari, unalipa mwisho wa mwezi. Ukiuliza kwa nini haliibiwi, mtu anaweza kukujibu kwamba ni kwa sababu wakazi wanaamini katika kuaminiana. Jibu la karibu zaidi na ukweli ni kwamba anayekagua daftari ndiye utakayeketi naye mezani kesho. Imani kwa jirani inatunzwa na mpangilio unaowakutanisha watu mara kwa mara, na mpangilio nao ulibuniwa na watu waliokuwa na imani. Viwili hivyo vinalishana.

Mji mmoja, imani mbili

Kama kweli imani peke yake ndiyo inayoshikilia watu pamoja, au kama haina kazi yoyote, tungependa kuona jaribio: nyumba zilezile, ardhi ileile, imani tofauti. Historia imetupa jaribio hilo, katika jimbo la Indiana, Marekani.

Mwaka 1814 Wakristo wenye asili ya Ujerumani waliomfuata George Rapp walifika kando ya mto Wabash. Waliamini kurudi kwa Kristo kumekaribia. Mali zote zilikuwa za wote, na tangu mwaka 1807 walikuwa wameamua kujizuia na maisha ya ndoa. Kwa miaka kumi walijenga mji kamili: nyumba za matofali, viwanda, bustani, mashamba. Kisha wakaamua kurudi Pennsylvania, na mwaka 1825 wakauuza mji mzima kwa Robert Owen, tajiri wa viwanda vya nguo aliyejulikana Uingereza kwa kuwatendea vyema wafanyakazi wake.

Owen naye aliamini kwa moyo wote, ila katika jambo lingine: kwamba tabia ya mtu hutengenezwa na mazingira yake, na mazingira yakirekebishwa watu watakuwa wema. Aliuita mji huo New Harmony, akafungua milango kwa yeyote aliyetaka kuja. Wakaja kama 800 hivi, wakiwemo wanasayansi wa maana kabisa na walimu wenye mawazo mapya, pamoja na watu waliotafuta chakula cha bure. Muda si mrefu wakaanza kugombana juu ya nani anafanya kazi na nani anahutubia tu. Katiba zikaandikwa na kuandikwa upya, makundi yakajitenga, na kufikia mwaka 1827 jaribio lilikuwa limekwisha. Wafuasi wa Rapp, waliouacha mji huo nyuma, walidumu kama jumuiya hadi mwaka 1905, na walipungua hasa kwa sababu hawakuzaa.

Mwanaanthropolojia Richard Sosis alichukua swali hili akalipima kwa upana. Alikusanya kumbukumbu za komuni 200 za Marekani, nyingi za karne ya 19, akaona kwamba zile za kidini zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuuvuka kila mwaka wa uhai wao kuliko zile zisizo za kidini. Katika utafiti wa mwaka 2003, yeye na mwenzake Eric Bressler walichunguza komuni 83 na masharti zilizowawekea watu: kuacha pombe, kuacha nyama, kuvaa mavazi fulani, kukata mawasiliano na watu wa nje. Katika komuni za kidini, masharti yakiwa mengi, umri ulikuwa mrefu zaidi. Katika zisizo za kidini, masharti hayakuongeza umri.

Matokeo hayo ndiyo kiini cha jambo zima. Sharti gumu linachuja. Mvivu anayetafuta pa kujibanza hatakubali kuacha pombe na mali zake kwa ajili ya sahani ya viazi. Anayebaki amethibitisha kwamba amekuja kweli, na wenzake wanaweza kumwamini. Owen hakuwa na chujio. Lakini kwa nini chujio lilelile lisifanye kazi kwa wasio wa dini? Kwa sababu mtu asiyeliona sharti kuwa takatifu hulipigia hesabu. Mwaka wa kwanza anavumilia, wa pili anauliza faida, wa tatu anapendekeza kwenye kikao liondolewe, na ana haki kuuliza, kwani aliambiwa kila kitu kinajadiliwa. Muumini wa Rapp hakuwa na cha kujadili.

Basi kikundi kisicho na dini kinabaki na njia mbili. Kipunguze gharama ya kuishi pamoja ili hesabu ya mtu isimkatae, au kiweke utaratibu ulio wazi kiasi kwamba kila mmoja aone mwenzake anatoa nini. Makazi ya pamoja ya Denmark yalichukua njia ya kwanza, na ndiyo maana hayagusi mshahara wa mtu. Njia ya pili inaonekana Twin Oaks, komuni ya jimbo la Virginia iliyoanzishwa mwaka 1967 na vijana waliovutiwa na mawazo ya mwanasaikolojia B. F. Skinner kuhusu kuijenga tabia ya binadamu kwa utaalamu. Nadharia hiyo waliiacha zamani. Kilichobaki ni utaratibu wa saa za kazi, ambapo kila mkazi ana kiwango chake cha wiki, na kupika, kulea watoto na kukata kuni vyote vinahesabiwa saa kwa saa. Mafundisho yaliyowaleta pamoja yalikwisha nguvu, na hesabu ya saa za kazi ikaendelea kuwalisha.

Gharama ya kukubaliana sana

Imani kali ina bei, na bei hiyo huonekana siku ya mgogoro. Ukigombana na jirani juu ya kelele, mnaweza kukutana katikati: muziki mpaka saa tatu. Ukigombana naye juu ya ukweli, katikati hapana mahali pa kusimama.

Ein Harod ni kibbutz iliyoanzishwa mwaka 1921 katika bonde la Jezreel, wakati Palestina ikiwa chini ya Uingereza. Vijiji vya kibbutz, ambavyo historia yake haitengani na mgogoro wa ardhi na Wapalestina, vilijengwa na Wazayuni wa mrengo wa kushoto: mali moja, ukumbi mmoja wa kulia, watoto wakilala katika nyumba yao mbali na wazazi. Ein Harod ilikuwa miongoni mwa vikubwa na vyenye sifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanachama wake waligawanyika juu ya vyama viwili vya siasa vya wafanyakazi vya Israeli, na hasa juu ya msimamo kuhusu Umoja wa Kisovieti. Hawakuwa wamegombana juu ya maziwa, wala mavuno, wala zamu ya jikoni. Wote waliendelea kuamini kwamba mali iwe ya wote. Hata hivyo hawakuweza tena kula pamoja. Mwaka 1952 kijiji kiligawanywa viwili, familia zikakatika katikati, na mpaka leo ziko Ein Harod mbili jirani kabisa, kila moja na jina lake la pili la kuitofautisha.

Kisa hiki kinanihuzunisha kila ninapokifikiria, kwa sababu watu hao walikuwa na kila kitu ambacho makazi ya pamoja hukitafuta. Walijuana kwa miaka thelathini. Walikuwa wamelima kwa jembe moja. Lakini tangu mwanzo walijifunza kwamba msimamo wa kisiasa ni sehemu ya kuwa mwanachama, hivyo tofauti iliyotoka Moscow ilipita moja kwa moja hadi kwenye meza yao ya chakula. Kwenye makazi ya Denmark tofauti kama hiyo ingeishia kwenye ubishi wa kahawa.

Na makazi ya pamoja nayo hayajasalimika. Uliza kikundi chochote kigumu chao ni nini, utasikia habari za nyama, mbwa na saa za kazi. Nyama hasa. Kama anayekula mboga tu anasema tumbo lake halipendi nyama, jiko linapika vyungu viwili na mambo yanaisha. Akisema kuchinja ni dhuluma, chungu cha pili hakimtoshi tena, maana sasa anakula meza moja na dhuluma. Naye mla nyama aliyekuja kula tu anajikuta kwenye kesi ambayo hakuwahi kuitiwa. Wawezeshaji wazoefu wa vikao vya aina hii hujitahidi kuliweka jambo katika ngazi ya chungu kwa muda mrefu iwezekanavyo, na nadhani hiyo ni hekima kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa maadili ya mtu hayapigiwi kura.

Nani asiyeonekana kwenye kikao

Hapa nawageukia wanaosema makazi yao hayana itikadi. Itikadi iliyoandikwa mlangoni ina uzuri wake: unaisoma, unaamua kuingia au kuondoka. Isiyoandikwa inachuja kimyakimya. Kikundi kinasema kinamkaribisha kila mtu, kisha kinafanya vikao vya jioni mara mbili kwa wiki kwa miaka minne, kikitumia lugha ya watu waliosoma chuo, na mwisho wake kinadai malipo ya awali ya nyumba. Anayefanya kazi zamu ya usiku hawezi kuja. Asiyezoea kikao ambapo kila mmoja anazungumzia hisia zake anaona aibu, anaacha. Asiye na akiba hakuwamo tangu mwanzo. Wanaobaki wanatazamana na kushangaa jinsi wanavyofanana, wakidhani ni bahati ya kupata watu wanaoelewana. Katika Marekani, ambako makazi ya kwanza ya aina hii, Muir Commons, yalifunguliwa Davis, California mwaka 1991, wakazi wake kwa ujumla wamekuwa Wazungu, wenye elimu na wa tabaka la kati, na jambo hilo linajadiliwa na wakazi wenyewe kwa uchungu.

Wadenmark waliliona mapema. Sættedammen na Skråplanet zilikuwa za wenye uwezo wa kununua. Mwaka 1978 Tinggården, iliyochorwa na wasanifu wa Vandkunsten, ilijengwa kuwa nyumba za kupangisha, na mwaka 1981 sheria ikarahisisha mikopo kwa vyama vya ushirika vya nyumba. Mlango ulipanuka kwa sababu ya fedha na sheria. Tamko la kukaribisha watu lisingeweza kufanya hivyo.

Imani uliyokuja nayo, imani uliyoletewa

Sisi Watanzania tuna somo letu katika hili, na huwa nasikitika linavyotajwa kwa kifupi mno. Ujamaa hukumbukwa kama jambo moja. Kwa upande wa makazi, ulikuwa mambo mawili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu na Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa. Walikuwa wachache, walijichagua wenyewe, na walikaa kwanza katika njaa na vumbi kabla ya kupata chochote. Walilima pamoja, wakagawana mapato, wakajenga shule ambayo watoto wa vijiji wanachama waliishi na kusoma mambo ya maisha yao. Chama chao, Ruvuma Development Association, kilikua hadi vijiji 17, kikawa na mashine ya kusaga mahindi na ya kupasua mbao. Kijiji kipya kilianza na kikundi kidogo kilichokwisha kukubaliana, na wengine wakajiunga taratibu. Nyerere alipoandika mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, alikuwa na mfano hai mbele yake.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Watu ambao imani ya chama ilikuwa imewaingia kweli walikuwa wanaamua mambo yao bila kusubiri viongozi wa mkoa, na hilo halikuvumilika. Kisha, Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu hadi mwaka 1976, wengine mbali na mashamba yao, na mahali pengine nyumba zao za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi.

Maneno yaliyotumika Litowa na yaliyotumika kwenye Operesheni yalikuwa yaleyale: usawa, kujitegemea, undugu. Tofauti ni kwamba Litowa mtu alipima gharama kwanza, akaingia, na angeweza kuondoka. Kule kwenye amri, hakuna aliyejua kama jirani yake yupo kwa kuamini au kwa kuogopa mgambo, hivyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kujituma kwenye shamba la pamoja. Imani iliyolazimishwa haichuji watu, na imani isiyochuja haiwezi kumwambia mtu nani wa kuaminiwa. Nadhani shamba la pamoja la kijiji cha amri lilishindwa kwa sababu hii kabla hata mvua haijakosekana.

Waanzilishi wakishaondoka

Makazi yote niliyoyataja hufika kwenye mtihani uleule: kizazi cha pili. Waanzilishi walikuja na moto. Watoto wao walizaliwa ndani yake na hawakuuchagua. Wahutteri wanajibu kwa kulea watoto ndani ya imani tangu utotoni, na kijiji kikikaribia watu 150 kinagawanywa, kundi moja likaanze kwingine. Kwenye kibbutz majibu yalikuwa tofauti. Nyumba za watoto zilifungwa, kwa msukumo mkubwa wa akina mama waliokulia ndani yake na hawakutaka wanao wayapitie yale waliyopitia. Baada ya mzigo wa madeni wa miaka ya 1980, vijiji vingi vilianza kulipa mishahara tofauti kulingana na kazi. Wengi wa waliopiga kura hizo hawakuwahi kuikana imani ya wazee wao. Iliwaisha tu, polepole, hesabu zilipoanza.

Makazi ya pamoja yana kizazi cha pili kinachoingia kwa mlango mwingine: mnunuzi. Nyumba inapouzwa sokoni, anaweza kuja mtu aliyependa bustani na bei, asiye na haja ya meza ya pamoja. Vikundi vingi hujilinda kwa orodha ya wanaosubiri na kwa kumwalika mgeni ale nao mara kadhaa kabla hajanunua, lakini mwenye nyumba akitaka kuuza kwa aliye tayari, mara nyingi hawana la kumfanya.

Miradi miwili ya Uingereza imelikabili jambo hili vizuri kuliko mingi ninayoifahamu. New Ground, huko High Barnet kaskazini mwa London, ni fleti 25 za wanawake wenye zaidi ya miaka 50. Kikundi kilianza mwaka 1998, wakahamia mwaka 2016, baada ya miaka 18 ya kutafuta kiwanja, mwenye kuwaamini na kibali. Imani inayotakiwa pale ni nyembamba: kwamba mwanamke anayezeeka asizeeke peke yake, na kwamba wataangaliana kama majirani. Fleti 8 kati ya hizo ni za kupangishwa kwa kodi nafuu, ili mlango usiwe wa wenye akiba tu. Dini, chama na chakula ni juu ya kila mmoja.

LILAC iko Leeds, nyumba 20 zilizokamilika mwaka 2013, kuta zake zikiwa za mbao zilizojazwa marobota ya majani makavu. Waanzilishi wake waliamini mambo mawili kwa nguvu: kwamba nyumba isiwe bidhaa ya kuchuma faida, na kwamba ujenzi usiharibu hali ya hewa. Wangeweza kuyaandika kwenye tamko wakalitundika ukutani. Wao waliyaweka kwenye kuta zenyewe na kwenye upangaji. Nyumba ni mali ya ushirika, si ya mtu. Kila kaya hulipa takriban asilimia 35 ya kipato chake halisi, mwenye kingi akilipa zaidi na mwenye kidogo pungufu, kila mmoja akijikusanyia hisa ambazo thamani yake imefungwa na mishahara badala ya bei ya soko la nyumba. Miaka thelathini ijayo anaweza kuhamia pale mtu asiyejali kabisa mjadala wa nyumba na faida. Atalipa asilimia ileile, na akiondoka ataondoka na hisa zake, bila kuuza nyumba kwa bei ya juu, kwa kuwa hana nyumba ya kuuza.